Afisa mikopo si mtu wa marejesho

Juzi nimetumiwa tangazo la kazi, la tatu mwezi huu kwa sura ileile: wanatafutwa maafisa mikopo kumi, elimu kidato cha nne na kuendelea, mwombaji awe na pikipiki yake na "asiwe na aibu na wateja sugu". Mafunzo yatatolewa, siku mbili. Mpwa wangu akaniuliza kama aombe. Nikamwambia omba, kazi ni kazi, ila huo siyo uafisa mikopo.

Afisa mikopo ni mfanyakazi wa taasisi ya fedha anayepokea maombi, akampima mwombaji na biashara yake, akapendekeza kiasi na muda, kisha akaufuatilia mkopo mpaka uishe. Basi, maana ni hiyo. Kinachonikera ni lile neno la pili, mikopo, ambalo siku hizi linatumika kana kwamba kukopa na kuazima ni kitu kimoja.

Kiswahili kiliyatenganisha haya zamani. Ukiazima jembe, jirani anataka jembe lake lilelile. Ukikopa mchele dukani, mchele unaliwa, na unachorudisha ni thamani yake. Mwenye jembe anaweza kulifuata lilipo. Mkopeshaji hana cha kufuata: noti alizotoa asubuhi zimeshageuka matenga ya nyanya sokoni Ilala, na nyanya zenyewe hadi jioni zimekwisha au zimeoza. Kwa hiyo anayekopesha sharti ajue mapema pesa itageuka nini na itarudi kwa njia gani. Ujuzi wote wa kazi hii uko hapo. (Kamusi za zamani zinaipa kopa maana nyingine tena, ya kulaghai, na wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakuwa na imani sana na pande zote mbili.)

Mtazame afisa aliyefundwa akiwa kwenye meza ya mama muuza dagaa. Hamuulizi "kwa mwezi unapata ngapi?", maana atapewa namba ya kupendeza. Anauliza gunia la mwisho lilinunuliwa lini na kwa bei gani, limebaki kiasi gani, na la kabla yake lilimaliza siku ngapi. Anauliza ada za watoto zinadaiwa mwezi upi. Anaomba kuchungulia daftari la madeni, kama lipo. Halafu anamweleza riba. Tuseme milioni 1 kwa miezi 10, asilimia 3 kwa mwezi. Ikipigwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, riba ni shilingi 300,000. Ikipigwa juu ya deni linalobaki, huku kila mwezi ikilipwa laki moja ya mkopo wenyewe, riba ni 165,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni 135,000. Asiyeweza kumweleza mama huyo tofauti hiyo bila kugugumia hajaiva, hata awe na kitambulisho shingoni.

Siku mbili hazitoshi kwa hayo. Zinatosha kujua fomu ipi ijazwe wapi na mdhamini apigiwe simu saa ngapi. Pale Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika kinatoa shahada nzima ya huduma ndogo za fedha na maendeleo ya biashara. Sisemi kila afisa awe na shahada. Baadhi ya wazuri niliofanya nao kazi walifundwa sokoni, miezi kadhaa wakitembea nyuma ya mkongwe, wakimbebea makabrasha na kusikiliza. Huo ni uanagenzi, na nao ni mafunzo halali kabisa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilileta leseni na usimamizi wa Benki Kuu, lakini leseni hutundikwa ukutani; kuupima mkopo inabidi mtu amfundishe mtu.

Anayegonga milango jioni akiwa na orodha mkononi, na mkopo ukichelewa anaondoka na televisheni, huyo anafuata jembe. Kazi yake ina jina: mkusanya marejesho. Mtaani ni mtu wa marejesho, wala si tusi. Ni kazi inayohitaji moyo na mguu. Matangazo yaandike hivyo tu.

Mpwa wangu ameshatuma maombi. Nimemwambia akiitwa kwenye usaili aulize swali moja: hapa mkopo anaupima nani?