Je, mtumiaji wa Kijapani asiyelalamika ameridhika?

Wengi wanaobuni programu na tovuti huamini kwamba mtumiaji wa Kijapani hakosoi bidhaa mbele ya mtafiti, na kwamba kwa sababu hiyo kumhoji ni kupoteza muda. Imani hiyo haikuzuka bure: tafiti za hojaji zimeonyesha mara kwa mara kwamba Wajapani, wakilinganishwa na Wamarekani, huelekea kuchagua alama za katikati, na adabu mbele ya mtu wasiyemzoea huwafanya wengi wasite kulaumu waziwazi. Hata hivyo, ukosoaji upo, ila mara nyingi hauji kwa maneno.

Chukua fomu ya anwani. Kibodi ya Kijapani huweza kuandika tarakimu kwa namna mbili, nyembamba na pana, na baadhi ya fomu hukubali moja tu. Mshiriki wa jaribio la fomu hiyo akiandika msimbo wa posta wenye tarakimu 7 kwa namna isiyokubalika, fomu huukataa, naye huenda akaomba radhi, akafuta, akaandika upya, kisha mwishoni akasema kwamba fomu ni nzuri. Mtafiti aliyenukuu jibu la mwisho pekee amekosa habari yenyewe, na hilo si kosa la mshiriki.

Anayetaka kuhakiki ampe mshiriki kazi ya kutenda, amwoneshe miundo miwili ailinganishe, au amuulize ni wapi mwenzake angekwama. Alama za hojaji nazo zilinganishwe kati ya matoleo yaliyojaribiwa huko huko Japani, si na alama za nchi nyingine.