Je, wajua kwa nini Mgiriki mwenye huzuni husema amebanwa?

Muulize Mgiriki aliyepata habari mbaya yu hali gani, na huenda akajibu: "Ime stenokhorimenos." Ime ni "mimi ni", na neno la pili ndicho kivumishi cha kila siku cha mtu mwenye huzuni. Kh itamke kama ya kheri, na mkazo uweke kwenye me, silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea sisi. Mwanamke atasema stenokhorimeni.

Kwa muda mrefu niliamini neno hili limetokana na kupiga kite. Kigiriki kina kitenzi stenazo, yaani kuguna kwa uchungu, na mwenye huzuni huguna, basi nikaona hesabu imetimia. Haikutimia. Stenazo ina shina lake. Hapa tuna stenos, "-embamba, finyu", na khoros, "nafasi". Hiyo khoros nayo ina mtego wake, maana lipo neno linalokaribiana nalo lenye maana ya ngoma, ila huandikwa kwa herufi nyingine na mkazo wake uko mwishoni. Ya kwetu ni ile ya nafasi: Mgiriki mlangoni mwa basi lililojaa huuliza "Khorao?", yaani, nitaenea humo?

Ukitaka kuona ufinyu wenyewe, msome Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale. Anaposimulia vita vya majini bandarini Syracuse, mji wa kisiwa cha Sisilia, mwaka 413 kabla ya Kristo, stenokhoria ni uhaba wa nafasi tu: merikebu nyingi mno ndani ya bandari moja, zinagongana, haziwezi kurudi nyuma wala kugeuka.

Sasa ihamishe bandari hiyo kifuani. Paulo anafanya hivyo katika Wakorintho wa Pili, sura ya 6. Anawaambia kwamba moyo wake umepanuka kwa ajili yao. Kama wanasongwa, hawasongwi ndani yake, wanasongwa ndani ya matumbo yao wenyewe. Matumbo hasa, ndivyo Kigiriki kisemavyo. Ni kama kiti cha daladala cha watu watatu waliokaa watano: hujaumizwa popote, lakini mkono hauinuki na pumzi haishuki. Kile kimwisho -menos kinaongeza jambo jingine. Ni cha kutendwa, na hutaja hali iliyobaki baada ya tendo, kama tusemavyo mlango umefungwa. Mwenye huzuni hapa ni mtu aliyefinywa, na bado yumo mle mle.

Sisemi kwamba Mgiriki wa leo hukumbuka bandari kila anaponuna. Sisi wenyewe tunasema "dhiki" bila kukumbuka kwamba asili yake ya Kiarabu ni ufinyu, ingawa Kurani, Surat al-Hijr aya ya 97, inataja waziwazi kifua kinachobanwa kwa maneno ya watu. Kufanana huku hakuthibitishi kwamba lugha moja iliazima kwa nyingine. Kifua kinachokaza wakati wa majonzi kila mtu anacho.

Na Mgiriki anapomfariji mwenzake humwambia "Mi stenokhoriese". Tafsiri yake ya kawaida ni "usihuzunike". Ukilifungua neno kipande kwa kipande, anamwambia: usibanwe.