Bosi aliyeandika namba yake kwenye lori

Todd Davis alikuwa mkurugenzi mkuu wa LifeLock, kampuni ya Marekani iliyouza kinga dhidi ya wizi wa utambulisho kwa takriban dola 10 kwa mwezi. Ili wateja waiamini, akaitangaza namba yake halisi ya hifadhi ya jamii kwenye mabango, kwenye televisheni, hata ubavuni mwa lori. Kwa Mmarekani namba hiyo ni nyeti: ndiyo ya kufungulia akaunti, ndiyo ya kuombea mkopo. Wezi wakaambiwa haya, jaribuni.

Wakajaribu. Mwaka 2007 mtu mmoja huko Texas alichukua mkopo wa dola 500 kwa jina la Davis. Kufikia 2010 ilifichuka kwamba namba ile imetumiwa na matapeli mara 13. Kuna aliyefungua akaunti ya simu Georgia akaacha deni la zaidi ya dola 2,300. Mwingine aliagiza kapu la zawadi kwa mkopo, na huyo ndiye aliyenichekesha kuliko wote.

Kazi yangu ni kufunza wahudumu wa sacco na maduka hapa Kisumu namna utapeli unavyofanyika, kwa hiyo mimi hutazama zaidi mlango aliopitia mwizi. Sehemu kubwa ya kinga ya LifeLock ilikuwa ni alama ya tahadhari kwenye faili lako katika mashirika ya kumbukumbu za mikopo, yale tunayoyaita CRB. Benki ikitaka kukukopesha hufungua faili, ikaiona alama, ikakupigia kuuliza kama kweli ni wewe. Sasa, mkopeshaji mdogo asiyefungua faili ataionea wapi? Na karani anayeiona akapuuza kupiga simu? Matapeli hawakuhitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Walihitaji kaunta ambayo ukitaja namba unaaminiwa.

Machi 2010 LifeLock ilikubali kulipa dola milioni 12, baada ya serikali ya Marekani na majimbo 35 kuilaumu kwa matangazo ya uongo.

Sisi huku tunazitangaza namba zetu bure. Ingia jengo lolote la ofisi katikati ya mji: soja anakusukumia kitabu, kalamu imefungwa kwa uzi. Jina, namba ya kitambulisho, simu, saa, sahihi. Juu ya mstari wako wamo wote waliotangulia asubuhi hiyo, mwandiko wao unasomeka vizuri, na ukijifanya unatafuta namba ya ofisi kwenye simu unaweza kupiga picha ukurasa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Kitabu bado kiko mezani.

Kinachofuata ni simu. Tapeli anakutajia majina yako yote matatu na namba ya kitambulisho, anajiita mhudumu wa kampuni ya simu, anasema laini yako inakaribia kufungwa. Ukishasikia namba yako unalainika, halafu anaomba PIN. Wahudumu wangu nawakazania jambo moja: mteja akitaja namba, amejitambulisha tu. Uthibitisho bado. Dai kitambulisho chenyewe, tazama picha, tazama uso, na foleni ikinung'unika iache inung'unike.

Wewe uliye Safaricom, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti leo.