Punda wa Buridan si wa Buridan

Punda ana njaa. Kulia kwake lipo fungu la nyasi, kushoto fungu jingine, sawa kwa ukubwa na umbali. Hana sababu ya kuchagua hili akaacha lile, basi anakufa njaa katikati. Kisa hiki hubandikwa jina la John Buridan, mwalimu wa Paris wa karne ya 14, eti alifundisha kwamba utashi, yaani uwezo wa kutaka na kuchagua, ni mkokoteni, na akili ndiyo inayoukokota.

Ukweli: katika maandishi yake yaliyobaki, punda huyo hayumo. Buridan alisema akili ikiwa na shaka, utashi unaweza kuahirisha uamuzi ili jambo lichunguzwe tena. Na fumbo lenyewe ni la kale kuliko yeye. Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu, mwishoni mwa karne ya 11, aliweka tende mbili zilizofanana kabisa mbele ya mtu anayezitamani, naye anaruhusiwa moja tu. Ataichukua moja, alisema, kwa sababu kazi ya utashi ndiyo hiyo: kutenga kitu na mwenzake hata visipotofautiana. Baadaye Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu, akamjibu kwamba mtu huyo hachagui kati ya tende na tende, bali kati ya kula na kukaa na njaa. Jibu la ujanja, ila mimi bado nauliza: mbona mkono umekwenda kwa hii?

Dhana nyingine: Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo wa karne ya 13, aliufunga utashi kwa kamba ya akili. Si hivyo. Akili huonyesha kilicho chema, lakini utashi ndio unaoisukuma akili ifikiri au iache. Tena kinachouvuta utashi bila kuupa nafasi ya kukataa ni heri kamili tu. Vingine vyote vina kasoro ya kushikilia: pilau ni tamu, lakini tumbo linauma.

Na wapo wanaodhani wasomi wa Kikristo wa enzi hizo waliimba wimbo mmoja. Machi 7, 1277, miaka 3 kamili tangu Thomas afariki, askofu wa Paris, Étienne Tempier, alilaani kauli 219, zikiwemo zilizodai utashi hulazimika kufuata akili. Henry wa Ghent, mmoja wa wanateolojia waliomsaidia, aliifananisha akili na mtumishi anayetangulia usiku na taa ili bwana asijikwae. Njia anaichagua bwana, na akitaka, humwondoa mtumishi.