Sajenti William Carney: kwa nini bendera ilistahili nishani

Kila ninapofundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani huulizwa: mtu anapewaje nishani kubwa kuliko zote kwa kushika bendera tu? Jibu ninaloliamini limo katika kisa cha William Carney.

Jioni ya tarehe 18 Julai 1863, askari wapatao 600 wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, weusi chini ya maofisa weupe, walishambulia ngome ya Wagner, iliyoshikwa na waasi wa Kusini, karibu na Charleston, South Carolina. Walipita ukanda mwembamba wa mchanga, huku bahari, huku kinamasi, pasipo pa kujificha. Bunduki za zama zile zilitumia baruti nyeusi. Milio michache tu, moshi umetanda, na amri hazisikiki kwa kishindo cha mizinga. Hapo askari hutafuta bendera kwa macho. Ikisonga naye husonga, ikirudi hurudi. Adui analijua hilo, kwa hiyo mbeba bendera ndiye hulengwa kwanza, naye mikono yake imeshika mti wa bendera, si bunduki.

Mbebaji alipopigwa, Carney, aliyezaliwa mtumwa huko Norfolk, Virginia, aliidaka bendera akapanda nayo hadi juu ya boma. Kanali wao, Robert Gould Shaw, aliuawa kwenye boma hilohilo. Shambulio liliposhindwa, Carney alirudi nayo akiwa na majeraha mabaya, akakataa kumwachia askari wa kikosi kingine aliyetaka kumsaidia. Aliwaambia wenzake kuwa ametimiza wajibu wake tu. Bendera haikugusa ardhi. Watu zaidi ya 250 wa kikosi hicho waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena.

Na watu hawa walikuwa wakidhulumiwa! Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama askari weupe, serikali ikataka kuwapa 10 na kukata 3 za nguo. Waligoma kuzipokea, wakapigana bila mshahara hadi Bunge liliposawazisha malipo mwaka 1864.

Nishani ya Heshima ilimfikia Carney Mei 1900, miaka 37 baadaye, akiwa tarishi wa posta mjini New Bedford. Wengi humwita mtu mweusi wa kwanza kuipata. Sivyo: baharia Robert Blake, kwa mfano, aliipata mwaka 1864. Ila miongoni mwa matendo ya askari weusi yaliyotunukiwa nishani hiyo, la Carney ndilo lililotangulia yote.