"Umemkosea Nani?" Dhana Potofu Kuhusu Kuwatembelea Wachagga wa Kilimanjaro

Mara ya mwisho nilipowapeleka wageni Uru, juu ya mji wa Moshi, mmoja wao alivunja tawi la mmea wenye majani marefu uliokuwa umeota mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, akalichomeka kwenye kofia na kuomba apigwe picha. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa akitupangia viti chini ya migomba, alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, umemkosea nani?" Sisi tulioelewa tulicheka, na mgeni akabaki ameduwaa na tawi lake kichwani.

Mmea ule ni isale, na kwa wingi huitwa masale. Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea isale, mara nyingi kwa mkono wa mzee anayeheshimika na pande zote mbili, na aliyekosewa akishaletewa jani hilo huwa vigumu sana kwake kuendelea kushikilia ugomvi, kwa sababu jamii nzima itamwona yeye ndiye mkorofi. Mmea huohuo ndio unaoonyesha mwisho wa ardhi ya mtu na mwanzo wa ardhi ya jirani yake, na anayeung'oa mpakani huhesabiwa kuwa ametenda kosa zito. Mgeni wetu alikuwa ametoka Dar es Salaam kuja kutafuta mila za mlimani, akaivunja mojawapo kwa mkono wake mwenyewe huku akiuliza mila zinaonyeshwa saa ngapi.

Dhana: Mila zimebaki kwenye nyumba ya nyasi, kwingine zimekwisha

Hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote. Marangu na vijiji vingine kadhaa vina nyumba za msonge zilizojengwa upya ili wageni waone jinsi watu, ng'ombe na mbuzi walivyoishi chini ya paa moja lililoshuka hadi ardhini. Nyumba hizo zinafaa kutazamwa, lakini hakuna anayelala humo. Watu wanaishi kwenye nyumba za matofali na bati, wana runinga na simu kama watu wengine wote, na mgeni akiliona bati hilo hukata tamaa na kusema kwamba amechelewa kuja.

Ukweli ni kwamba utamaduni wenyewe uko kwenye kihamba, na mgeni hukipita akielekea kwenye maporomoko ya maji. Kihamba hupandwa kwa ngazi: juu kabisa kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa maharage na magimbi. Ng'ombe hukaa bandani na kuletewa majani, na samadi yake hurudi kwenye migomba. Mpango huu ndio uliowezesha watu wengi kuishi kwenye eneo dogo kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari kwa vizazi vingi bila udongo kuchoka, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mpango wa kihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Mfereji mwembamba unaokatiza kati ya migomba, ambao wageni wengi huuruka wakidhani ni wa maji machafu, huitwa mfongo. Maji yake huchepushwa kutoka kwenye vijito vya juu na kugawanywa kwa zamu, na wageni wa kwanza kutoka Ulaya walioandika habari za mlima huu katika karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi. Kwa hiyo ukinawa miguu yenye matope humo, unachafua maji ambayo mtu wa chini yako anayangojea.

Kihamba pia ni makaburi. Wachagga huzikana nyumbani, na kaburi la kisasa lenye vigae safi chini ya kivuli hufanana sana na benchi. Nimewahi kumwona mgeni ameketi juu ya kaburi la baba mwenye nyumba akila ndizi, na wenyeji, kwa ustaarabu wao, wakamletea kiti na kumwomba ahamie upande wenye upepo mzuri. Ardhi yenye makaburi haiuziki kirahisi. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa sehemu yake na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati hutafuta maisha kwingine, jambo ambalo kwa maoni yangu linaeleza sababu za kumkuta Mchagga mwenye duka kila mji wa Tanzania vizuri kuliko vile vichekesho vya kupenda pesa tunavyosimuliana.

Dhana: Wachagga ni watu wa lugha moja na mfalme mmoja

Waongozaji wengine huwafundisha wageni neno moja la salamu na kuwaambia kwamba wakilitumia popote mlimani wataeleweka. Ukweli ni kwamba kinachoitwa Kichagga ni kundi la lugha na lahaja zinazopakana, na mtu wa Machame akikutana na wa Rombo kila mmoja akasema ya kwao, mara nyingi wataishia kwenye Kiswahili. Koo nyingi zinasimulia kwamba asili yao ni Ukambani, Utaita, Usambara au Umasaini, na zilikuja kuwa Wachagga baada ya kupanda mlima na kupata kihamba.

Wala hapakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lilikuwa na Mangi wake, yaani chifu, na Wamangi hao walipigana sana. Uadui kati ya Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho ndio uliowapa Wajerumani mlango wa kuingilia. Mtoto wa Rindi, Mangi Meli, aliwapinga Wajerumani, nao walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umehangaika kukitafuta kwa miaka mingi. Unapopelekwa kuona mti unaohusishwa na kifo hicho, kumbuka kwamba unasimama mahali ambapo watu bado wana msiba. Cheo cha Mangi Mkuu wa Wachagga wote kilipata mwenyewe mwaka 1952 tu, alipokishika Thomas Marealle, na mwaka 1963 Tanganyika huru ikaondoa madaraka ya machifu nchini kote.

Mahandaki yanayoonyeshwa Marangu nayo husimuliwa kana kwamba yalichimbwa kwa sababu ya Wamasai peke yao. Uvamizi wa Wamasai ulikuwepo, lakini watu walijificha humo pia wakati Mangi wa jirani alipokuja kuteka ng'ombe. Ni rahisi zaidi kumsimulia mgeni habari za adui wa mbali.

Dhana: Kahawa ndicho kinywaji cha asili cha mlimani

Katika ziara nyingi mgeni hukaanga kahawa chunguni, huitwanga kwenye kinu huku akiimbishwa, kisha huinywa akiamini kwamba mababu walifanya vivyo hivyo. Ni burudani nzuri, nami huifurahia kila mara, lakini kahawa ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Ilipokelewa kama zao la kuuza. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925 huku walowezi wakipinga Mwafrika kulima zao hilo, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kuanikwa ilipelekwa chamani, ikageuka ada ya shule na bati la nyumba. Wapo wazee ninaowafahamu waliolima kahawa kwa zaidi ya miaka 40 na nyumbani kwao hunywewa chai ya maziwa.

Kinywaji cha asili ni mbege, na hapo ndipo dhana nyingine huingia, kwamba ni pombe ya kienyeji tu. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu mpaka ziwe na rangi nyekundu, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa. Ulezi nao huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji, ndipo vinapochanganywa, pamoja na magome ya msesewe ya kutia uchungu. Siku ya kwanza ni tamu kiasi cha kumdanganya mgeni, na kadiri siku zinavyosonga hukolea. Hunywewa kwa kata inayopita mkononi mwa mmoja hadi mwingine, na mwenye nyumba huonja kwanza ili wageni wake waone kwamba hakuna ubaya uliofichwa. Posa, msiba na upatanisho havikamiliki bila mbege. Usiyekunywa pombe pokea kata kwa mikono miwili, shukuru, mpe aliye karibu nawe, wala hakuna atakayekununia.

Dhana: Kwa malipo kidogo unaweza kuona tambiko

Hapa dhana mbili zinagongana. Wengine husema Wachagga ni Wakristo tangu wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika mwaka 1893, kwa hiyo hakuna tena tambiko. Wengine hutaka wachinjiwe mbuzi mchana wapate picha kabla ya kurudi hotelini. Ukweli ni kwamba wapo walioacha kabisa na wapo wanaoendelea kimyakimya, na mara nyingi wote wawili hukaa benchi moja kanisani. Tambiko hufanywa kwa sababu fulani ya ukoo, kama ugonjwa usioeleweka au ugomvi wa muda mrefu, na huhudhuriwa na wanaohusika. Likipangwa kwa ratiba ya mgeni ni maigizo, na mwigizaji anastahili ujira wake, ila liitwe jina lake. Jando la zamani, ambamo vijana walifundishwa maadili kwa mregho, yaani fimbo iliyochongwa alama, halipo tena, na wavulana hutahiriwa hospitalini. Ukeketaji wa wasichana ni kosa kwa sheria ya mwaka 1998, wala si jambo la kuulizia kama kivutio.

Kinachoweza kuonekana bila malipo ni nyama ya Desemba. Wachagga waliotawanyika nchini hurudi nyumbani kula Krismasi, na mbuzi anapochinjwa kila kiungo kina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo, kiasi kwamba anayekata vibaya anaweza kuleta mgogoro. Lakini ni wakati wa familia, nyumba zimejaa na barabara pia. Nenda ikiwa umealikwa. Machi hadi Mei mvua hugeuza njia kuwa utelezi mwekundu, na Julai baridi yake si ya kuvaa kaptula.

Dhana: Mgeni hulipa na kuondoka

Ukipita kwenye kikundi cha utalii cha kijiji, lipa ada iliyowekwa na udai stakabadhi. Ukialikwa nyumbani, usimtie mama noti mkononi kama anayelipia chakula. Peleka sukari, majani ya chai, sabuni au mkate, na umkabidhi unapoingia. Mtori wa ndizi mshare aliokupikia hauna bei. Wala usidhani umemaliza, kwa sababu wakati wa kuaga utapewa kitu. Siku ile ya Uru, yule mama alimpa mgeni wetu mwenye tawi mkungu mzima wa ndizi. Alijaribu kukataa, akisema ni mzigo mkubwa kwa basi la Dar es Salaam. Mama alilitazama lile tawi, ambalo sasa alikuwa amelishika mkononi kwa aibu, akamwambia, "Basi nipe hilo isale, tuyamalize." Alimpa, akabeba ndizi.