Je, wajua kwa nini BMW kuukuu huteleza vizuri kuliko Subaru yenye turbo?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba gari la drifti, yaani mchezo wa kutelezesha gari ubavu kwenye kona kwa makusudi, ni gari lenye nguvu nyingi, basi. Gereji za hapa Nakuru tulibishana hivyo: leta Subaru Impreza WRX, kanyaga mafuta kwenye kona, itakwenda ubavu yenyewe. Nilipoona viwanja vya drifti vya Ulaya vimejaa BMW E36, gari la miaka ya 90, nikaamua kwamba Wajerumani wanaunda injini kali kuliko Wajapani.

Nilikosea kabisa. E36 ya aina ya 318i ilitoka kiwandani na nguvu za farasi takriban 115, ilhali WRX ina zaidi ya 200. Tena Volkswagen Golf nayo ni ya Ujerumani, lakini madereva wa drifti hawaitafuti. Na mchezo wenyewe ulizaliwa Japani, kwenye barabara za milimani.

Cha kuuliza ni hiki: magurudumu yapi yanasukuma?

Mtazame mwendesha boda boda kwenye tope jeusi la Kano, kule Kisumu, baada ya mvua. Injini inazungusha gurudumu la nyuma tu. Akiongeza mafuta ghafla, nyuma inachomoka kwenda kando, lakini gurudumu la mbele bado limeshika ardhi. Anaelekeza usukani kule nyuma inakokwenda, na safari inaendelea. Likiteleza la mbele, yuko chini.

Tairi ni kama mtu mwenye mfuko mmoja wa pesa. Akitumia nyingi kusukuma gari, zinabaki chache za kulizuia lisiende ubavu. Kwenye BMW, tairi za nyuma humaliza mfuko kwa makusudi; za mbele bado zina mfuko wao mzima, wa kuongoza tu. Kwenye Golf, za mbele zinavuta na kuongoza. Handbreki itatupa nyuma kando, ila mtelezo huo hauna kinachoulisha, unakufa haraka. Subaru hugawa nguvu kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo ukikanyaga, za mbele zinalivuta gari linyooke. Hilo ni baraka kwenye vumbi, na Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae. Wanaotaka kuitumia kwenye drifti hukata kwanza nguvu ya mbele.

Kuna na difu, kifaa kinachogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Umeona matatu iliyokwama topeni, gurudumu moja likizunguka bure na mwenzake limetulia? Difu ya kawaida huruhusu hivyo. Fundi wa drifti asiye na pesa nyingi huichomelea, magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja.

Husemwa pia kwamba siri ya BMW ni uzito kugawanyika karibu nusu kwa nusu. Husaidia, lakini nisingeupa sifa zote: Nissan Silvia, nayo ya kusukuma kwa nyuma, ni nzito zaidi mbele, na bado ilitamba kwenye drifti.

Hiyo Silvia iliacha kuundwa mwaka 2002, ikaadimika, bei ikapanda. Huko Ulaya BMW kuukuu zilikuwa kila mahali, vipuri tele, na chumba cha injini kirefu kinachomeza injini kubwa zaidi. Uswidi walichukua walichokuwa nacho, Volvo 240, ambayo nayo husukuma kwa nyuma.

Kwetu Kenya, sheria ya kutoingiza nchini gari lililozidi miaka 8 imefunga mlango wa E36. Lakini Toyota Mark X nyingi zinazopita Kenyatta Avenue husukuma kwa nyuma vilevile.